Mlio wa Ajabu Katika Injini ya Pikipiki Kuukuu: Jinsi ya Kuufuata Hadi Unapotoka

Asubuhi moja ya Julai, katika baridi ambayo kila mkazi wa Nairobi anaijua, pikipiki yangu ya cc 125 ilianza kutoa mlio kama wa sarafu zinazotikiswa ndani ya mkebe. Ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa wenye watatu kabla yangu, nami sikujua lolote kuhusu matengenezo yake ya nyuma. Fundi niliyempelekea aliisikiliza kwa chini ya dakika moja, akaniambia, “Mzee, hii ni konrodi, tufungue.” Konrodi ni chuma kinachounganisha pistoni na kranki, ile shafti kuu ya injini. Tulifungua. Nililipia pistoni, ringi, gaskiti na kazi ya siku mbili, kisha nikarudi nyumbani Buruburu na mlio uleule. Baada ya wiki nzima ya kuchunguza mwenyewe nilikuta bolti moja inayoishikilia injini kwenye fremu imelegea kiasi cha nusu mzunguko. Nilipoikaza, mlio ulikwisha.

Simlaumu fundi peke yake. Mimi ndiye niliyekubali injini ifunguliwe kabla ya mtu yeyote kuuliza mlio ule unatokea wakati gani, na hilo ndilo swali ambalo mwongozo huu umejengwa juu yake. Mahali unaposikia mlio pataweza kukudanganya, kwa kuwa chuma husafirisha sauti kutoka upande mmoja hadi mwingine; lakini wakati unapotokea, yaani injini ikiwa baridi au moto, ikiwa na mzigo au bila mzigo, klachi ikiwa imevutwa au imeachwa, haudanganyi kwa urahisi. Maelezo yanahusu injini za silinda moja zinazopozwa kwa hewa, za cc 100 hadi 150, ambazo ndizo zilizojaa barabarani kwetu: Boxer, TVS, Honda za zamani, na zile nyingi kutoka Uchina.

Hatua ya kwanza: pima oili kabla ya kuwasha tena

Usiiwashe injini “ili usikilize kidogo” kabla ya kujua kama ina oili. Injini hizi hubeba takriban lita moja tu, na pikipiki kuukuu inayochoma oili kupitia ringi zilizochakaa inaweza kupungukiwa sana bila kudondosha hata tone chini. Simamisha pikipiki wima kwenye stendi kubwa, mahali tambarare, subiri dakika chache ili oili ishuke, kisha pima kwa kijiti chake. Katika injini nyingi za aina hii kijiti hupimwa kikiwa kimeegeshwa tu juu ya tundu bila kuzungushwa, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako.

Ikiwa oili iko chini ya alama ya chini, ongeza hadi kiwango sahihi ndipo uwashe. Mlio ukitoweka hapo, usifurahi upesi: umejua kwamba kulikuwa na sehemu iliyokosa oili, na bado hujui imeumia kiasi gani. Tumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, yaani kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki, kwa kuwa klachi ya injini hizi inaogelea katika oili ileile, na baadhi ya oili za magari huwa na viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya klachi iteleze.

Ikiwa oili ni nyeusi na umesahau ilibadilishwa lini, imwage sasa, ndani ya beseni safi la rangi nyepesi, maana ni ushahidi. Pitisha sumaku ndani yake. Sumaku ya spika iliyoharibika inatosha, ukiifunga katika mfuko wa plastiki ili iwe rahisi kuisafisha. Unga mwembamba wa kijivu unaoshika kwenye sumaku ni wa kawaida kwa injini iliyotumika. Vipande vya chuma unavyoweza kuvihisi kwa ncha za vidole si vya kawaida. Vipande vinavyong’aa kama fedha lakini havishikwi na sumaku ni alumini, na mara nyingi hutoka kwenye pistoni au kwenye maganda ya injini yenyewe. Ukiona vipande vikubwa vya aina yoyote, acha kuiendesha na uende moja kwa moja kwenye hatua ya mwisho.

Hatua ya pili: andika mlio unatokea lini

Chukua daftari. Kwa siku mbili au tatu, andika majibu ya maswali haya, kwa maneno yako mwenyewe. Je, mlio upo injini inapowashwa asubuhi ikiwa baridi, kisha unapungua baada ya kupata joto, au kinyume chake? Je, upo pikipiki ikiwa imesimama katika nyutro, au hadi iwe inatembea? Unabadilikaje ukivuta klachi? Unasikika zaidi ukifungua mafuta, ukiachilia mafuta, au katika mwendo fulani mmoja tu? Unasikika ukipanda mlima kwa gia kubwa?

Kwa jaribio la mlima mimi hutumia Valley Road mapema Jumapili, magari yakiwa machache, kwa sababu mpando wake unatosha kuipa injini kazi bila kulazimisha mwendo wa hatari. Jaribio jingine lenye faida kubwa ni kuteremka mteremko mpole na usio na magari katika barabara ya mtaani, injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa katika nyutro, ukipita juu ya matuta taratibu. Mlio ukiendelea kusikika wakati injini haifanyi kazi, basi si wa injini hata kidogo, nawe umejiokolea gharama yote ya kuifungua. Vilevile, ukipita polepole kando ya ukuta mrefu, ukuta utakurudishia sauti ya upande ule wa injini, na utaweza kulinganisha kushoto na kulia kwa kupita tena ukirudi.

Hatua ya tatu: ondoa vyote visivyokuwa ndani ya injini

Hapa ndipo pikipiki nyingi kuukuu hupona, na hapa ndipo mafundi wenye haraka huruka. Pikipiki iliyowahi kufanya kazi ya bodaboda huwa imefungwa vyuma vingi ambavyo kiwanda hakikuvijua: gadi za mbele, kibebeo cha mizigo kilichochomelewa, vishikio vya abiria, mwavuli. Kila kimoja kinaweza kutetemeka kwa mwendo fulani wa injini na kutoa sauti inayosadikika kabisa kuwa inatoka kwenye silinda.

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, kamata kila kitu kwa mkono na ukitikise. Anza na bomba la moshi: nati mbili zinazoliunganisha na silinda hedi, bolti ya kulishikilia nyuma, na bati la kukinga joto, ambalo hulegea kwa urahisi kupita yote. Ligonge bomba kwa ngumi iliyovaa glavu. Likijibu kwa kuchakacha ndani, vigawanyo vyake vimekatika kwa kutu. Kisha kaza kwa spana bolti zote zinazoifunga injini kwenye fremu. Usiziangalie kwa macho tu, kwa maana ile yangu ilionekana imekaa sawasawa. Jaribu tangi la mafuta kwenye mipira yake, plagi kama imekazwa, sproketi ya mbele kama inacheza kwenye shafti yake, na cheni ya kuvuta gurudumu. Cheni iliyolegea hupiga kinga yake na hata ganda la injini. Ikague gurudumu likizungushwa, kwa sababu cheni iliyochakaa huwa imekaza mahali pamoja na kulegea mahali pengine.

Kuna mlio mmoja wa nje unaofanana sana na wa tapeti, yaani skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu, nao ni moshi unaovuja pale bomba linapokutana na silinda hedi. Tafuta alama nyeusi za masizi mahali hapo. Injini ikiwa bado baridi, iwashe, kisha uzibe mwisho wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache: ukisikia “tsi tsi tsi” ikiongezeka mbele, gaskiti ya bomba imekwisha. Ni kipande cha bei ndogo sana.

Hatua ya nne: sikiliza kwa bisibisi

Ikiwa mlio bado upo, tafuta bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye ganda la injini na mpini wake kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Funga nguo na nywele zilizolegea, na usikaribie cheni wala sproketi. Gusa silinda hedi, kisha ubavu wa silinda, kisha ganda la klachi, ambalo katika nyingi ya injini hizi liko kulia, kisha ganda la magneto, kinachozalisha umeme, upande wa kushoto. Unachotafuta ni mahali ambapo sauti ina makali zaidi, si mahali inaposikika tu.

Zingatia pia mdundo. Katika injini ya mipigo minne, valvu hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki, na moshi nao hutoka kwa hesabu hiyohiyo. Kwa hiyo mlio unaokwenda pamoja na kila pumzi ya bomba unaelekea kuwa wa valvu na vitu vinavyoziendesha, ilhali mlio wenye kasi maradufu unaelekea kuwa wa kranki. Inahitaji sikio lililotulia na injini iliyopunguzwa mwendo, lakini hujifunzika.

Hatua ya tano: jua injini yako inaendeshaje valvu zake

Honda ilipoitoa CG125 mwaka 1976, iliachana makusudi na cheni ya taimingi na kuweka kamu, shafti inayofungua valvu, chini, karibu na kranki, ikiendeshwa kwa gia, na fito mbili zinazopanda juu kusukuma valvu. Pikipiki nyingi za Uchina zilizoingia Kenya zina injini zilizonakiliwa kutoka kwa muundo huo. Boxer, kwa upande wake, ina kamu juu, ndani ya silinda hedi, na cheni inayoizungusha. Tofauti hii ina uzito mkubwa: mtu akikwambia kwamba injini yako ya mtindo wa CG inalia cheni ya taimingi, amekuambia juu ya kitu kisichokuwamo. Kwa kawaida injini yenye cheni hiyo huwa na kikaza cheni kilichofungwa kwa bolti nyuma ya silinda, chini ya kabureta. Ukikikosa, soma kitabu au muulize muuza spea anayeijua pikipiki yako kwa jina kamili.

Hatua ya sita: tapeti

Mlio mwepesi, mkavu, wa “tik tik tik” kutoka juu ya injini, unaoongeza kasi pamoja na injini lakini haubadiliki sana kwa mzigo, kwa kawaida ni nafasi kubwa mno kati ya roka, mkono mdogo unaoisukuma valvu, na valvu yenyewe. Kazi ya kuirekebisha inafanyika injini ikiwa imelala usiku kucha, baridi kabisa.

Toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi. Fungua vifuniko vya tapeti na kile cha kuangalia alama ya magneto. Weka gia ya juu kabisa na usukume gurudumu la nyuma mbele taratibu, hadi alama ya T, inayoonyesha pistoni iko juu kabisa, ikae sambamba na alama ya ganda. Shika roka zote mbili: zikiwa na mchezo mdogo, pistoni iko juu katika mpigo wa kubana na unaweza kupima; mojawapo ikiwa imebana, zungusha kranki mzunguko mmoja zaidi. Nafasi yenyewe ni ya kitabu chako. Kwa CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, na injini nyingi za ukubwa huu huangukia kati ya 0.05 na 0.10. Bamba la kupimia, kile kipande chembamba cha chuma chenye unene ulioandikwa, lipite katika nafasi hiyo likisuguana kidogo. Unapokaza nati ya kufungia, shikilia skrubu isizunguke, kisha pima tena, kwa sababu kukaza mara nyingi huibadilisha nafasi uliyoipata.

Nakusihi usikaze tapeti hadi ziwe kimya kabisa. Valvu isiyokuwa na nafasi haifungi kikamilifu injini ikipata moto; valvu ya moshi hupoza joto lake kwa kugusa kiti chake, na isipogusa huungua. Mlio mdogo wa tapeti ni salama, na ukimya uliotafutwa kwa spana ndio unaogharimu silinda hedi.

Ukipima sawasawa na mlio ukabaki, tazama uso wa roka pale unapogusa valvu. Injini kuukuu huwa imechimbika hapo shimo dogo, na bamba la kupimia hupita juu ya kingo za shimo hilo bila kuingia ndani, hivyo kipimo kinasoma sawa wakati nafasi halisi ni kubwa zaidi.

Hatua ya saba: cheni ya taimingi, kwa injini iliyo nayo

Sauti yake ni ya kukwaruza na kuchakacha, upande mmoja wa silinda, kubwa zaidi wakati wa kuwasha na injini ikiwa katika mwendo mdogo, na mara nyingi hufifia ukiongeza mafuta kidogo. Kikaza cha zamani chenye skrubu ya kurekebisha hurekebishwa kwa jinsi kitabu kinavyoeleza. Kile kinachojikaza chenyewe kitoe ukitazame: ikiwa kijiti chake kimetoka hadi mwisho, cheni imerefuka au reli yake imelika, na kubadilisha kikaza pekee hakutasaidia kwa muda mrefu. Kamwe usizungushe injini kikaza kikiwa nje. Cheni inaweza kuruka jino, na pistoni ikakutana na valvu.

Hatua ya nane: klachi

Injini ikiwa moto, katika nyutro, sikiliza mlio upande wa klachi, kisha uvute klachi polepole. Mlio ukipotea au kubadilika wazi, chanzo kinaelekea kuwa kikapu cha klachi, springi zake za kupunguza mshtuko, au beringi za gia. Ni mlio unaoudhi, lakini kwa kawaida haui injini kesho. Unaweza kupanga siku ya kuutengeneza. Kinyume chake, mlio unaoanza klachi inapovutwa huelekeza kwenye beringi ya kuachilia klachi.

Hatua ya tisa: mlio unaosikika ukipanda mlima tu

Mlio mkali kama bisi za mahindi kwenye sufuria, unaokuja ukifungua mafuta mengi kwa gia kubwa na kuondoka ukipunguza, ni wa petroli inayowaka vibaya ndani ya silinda. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Hali hiyo hupunguza uwezekano wa mlio huu, kwa hiyo ukiusikia hapa, una sababu ya kweli: moto wa plagi unaokuja mapema mno, masizi mengi juu ya pistoni, plagi isiyo ya injini hiyo, joto la kupita kiasi, au petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Tatizo la uchanganyaji lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa kila lita ili kuufanya usilipe. Maliza tangi ulilo nalo bila kuilazimisha injini, jaza kwenye kituo kingine, na ulinganishe.

Ninaongeza jambo moja kwa sababu ya shinikizo hilohilo la hewa. Fundi akipima mbano wa silinda na kukuta uko chini ya kitabu, kumbuka kwamba kitabu kinazungumza juu ya usawa wa bahari. Injini nzima kabisa itasoma pungufu hapa Nairobi.

Hatua ya kumi: pistoni, konrodi na kranki

Sasa, baada ya yote hayo, tunaweza kulitaja neno ambalo fundi wangu alianza nalo. Pistoni iliyolegea katika silinda hugonga kwa sauti butu injini ikiwa baridi, zaidi katika asubuhi za Juni na Julai, na hunyamaza pistoni inapotanuka kwa joto. Ukisikia hivyo, unaweza kuendesha kwa uangalifu huku ukikusanya pesa. Konrodi ni jambo jingine. Mlio wake ni mzito, “ko ko ko”, unatoka chini, unaongezeka injini ikipata moto na ikipewa mzigo, na husikika pia pale unapofungua na kuachilia mafuta kwa ghafla. Beringi kuu za kranki hunguruma zaidi kuliko kugonga.

Ili kuthibitisha, toa plagi na uingize kijiti cha plastiki kirefu kisichovunjika kupitia tundu lake hadi kiguse pistoni ikiwa katikati ya safari yake. Shika nati ya magneto kwa spana na uizungushe kidogo sana mbele na nyuma. Kijiti kinapaswa kusogea papo hapo. Ikiwa nati inasogea kwanza na pistoni inafuata baadaye kwa kishindo kidogo, kuna nafasi katika konrodi au pini ya pistoni. Silinda ikishafunguliwa, konrodi hairuhusiwi kuwa na mchezo wowote wa juu na chini. Mchezo mdogo wa kwenda kando ni wa kawaida, na usikubali kuuziwa kranki kwa sababu ya huo.

Usiendeshe pikipiki yenye mlio huo wa konrodi hata hadi gereji. Konrodi ikikatika, injini inaweza kukwama na gurudumu la nyuma likafunga pamoja nayo, na hilo likitokea Thika Road kati ya matatu na malori, suala si injini tena. Ipakie kwenye pikapu.

Hatua ya mwisho: unapomkabidhi fundi

Mpe daftari lako alisome, au umsomee. Mwambie ulichokwisha kukagua na ulichokuta, na umwombe akuonyeshe sehemu iliyoharibika kabla ya kununua nyingine. Uwepo silinda inapotolewa. Ukienda kutafuta spea Kirinyaga Road, ambayo wazee wengi bado wanaiita Grogan, beba kile cha zamani mkononi, kwa maana pikipiki mbili zenye jina moja na miaka tofauti zinaweza kuwa na pistoni zenye pini za unene tofauti. Linganisha kwa kipimo, si kwa macho. Injini ikishafungwa, rudi baada ya siku chache za kuiendesha, ikiwa baridi, na upitie tena bolti zote za fremu na nati za bomba la moshi kwa spana.